Bei ya Mwalimu wa Kifaransa

Zamani mtu aliyehamia Rulenge alibisha hodi kwa jirani akiwa na kigae mkononi, akaomba kaa la moto, na kuanzia asubuhi hiyo akawa mtu wa pale; siku hizi anashuka na mtungi wa gesi kwenye bodaboda, anafunga mlango, na jina lake majirani wanalipata kwa mwenye duka.

Ndivyo alivyoingia Jean Paul Niyongabo, mwalimu wa Kifaransa, yeye na mkewe Keza, katika nyumba ya uani kwa Mzee Modestus Nshoma. Nyumba hiyo Modestus aliijenga kwa mikono yake kwa ajili ya mwanawe Elick, akiamini bado kwamba mtoto wa kiume hukaa karibu na baba yake. Elick akaenda Mwanza kuuza simu, akaoa huko, akatuma picha. Nyumba ikakaliwa na popo mpaka karani wa shule moja ya binafsi, nje kidogo ya Rulenge, alipokuja kuulizia mahali pa kumweka mwalimu wao mpya. Kodi aliitaja karani mwenyewe, kubwa kuliko ile aliyokuwa akiifikiria Modestus, na Modestus hakuona sababu ya kubishana na mtu anayempandishia.

Modestus alikuwa mwashi. Kuta nyingi zilizosimama wima upande ule zilipita chini ya pima maji yake, na labda ndiyo maana hakuwa na desturi ya kusitasita. Akisema ukuta umepinda, umepinda. Akisema fulani ni mwizi, watu walikwenda kufunga mbuzi wao. Umri ulikuwa umemshusha kwenye jukwaa la ujenzi, akabaki na migomba, maharage na mkewe Deodata, ambaye alimwacha aseme yote kisha akafanya analotaka.

Shule ile ilikuwa imeandika kwenye bango lake, kwa herufi nyekundu, kwamba Kifaransa kinafundishwa na mwalimu kutoka ng'ambo. Ng'ambo yenyewe ilikuwa Burundi. Ukipanda vilima vya Murusagamba asubuhi unauona moshi wa majiko ya hiyo ng'ambo ukipanda, na kukiwa na upepo mzuri unaweza kujua wanapika nini. Lugha ya kule na Kihangaza cha huku ni za tumbo moja. Mtu wa upande huu na wa upande ule wanagombana bila mkalimani. Lakini wazazi wa siku hizi wamependa neno ng'ambo, wakalipa ada yake.

Kwa hiyo mkataba wa Jean Paul ulikuwa wa mgeni, na mshahara wake ulizidi ule wa walimu wenzake. Wenzake walijua hivyo wakamnunia. Wasichokijua ni jinsi ulivyokuwa ukiyeyuka. Vibali vya kufanya kazi na kuishi nchini shule ilimlipia kwanza, kisha ikawa inavikata kwenye mshahara kidogo kidogo. Kodi ilitoka. Gesi ililetwa kutoka Ngara mjini pamoja na nauli yake. Maji yalikuja kwa baiskeli, kila dumu na bei yake, na kiangazi bei hiyo ilipanda kilima pamoja na mchota maji. Kulikuwa na umeme, na bando la kumpigia mama yake kwao Gitega, na shati jeupe, na viatu vya kung'aa, maana mwalimu kutoka ng'ambo haingii darasani na kandambili. Halafu chakula. Chakula ndicho kilichommaliza. Mwezi ukifika katikati Keza alikuwa anachemsha chai ya rangi, na mumewe anasema hapendi maziwa.

Mkataba ulikuwa unaisha Desemba. Jean Paul alitaka kuuongeza, kwa kuwa kwao hakukuwa na kazi iliyomsubiri. Lakini alikuwa amekwisha kumwambia mkewe waziwazi kwamba kama maisha ya hapa yataendelea kula kila kinachoingia, hakuna maana ya kukaa mbali na mama yake ili kuwatajirisha wauza ndizi.

Siku moja ya soko Modestus alimkuta uani akishusha mkungu wa ndizi kutoka kwenye pikipiki.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Hizo ndizi umezinunua?"

"Ndiyo, mzee."

"Kwa bei gani?"

"Elfu kumi na tano."

Modestus aliugeuza mkungu upande mmoja, akaugeuza na wa pili. "Na shamba watakukabidhi lini?"

Jean Paul alicheka kidogo, cheko la mtu aliyekwisha kulipa.

Soko lililofuata Modestus aliongozana naye. Hakuombwa. Alivaa koti lake la kanisani, akatangulia mbele kama mtu anayekwenda kubomoa ukuta mbovu, mpaka kwa Kanyange. Kanyange alikuwa mama wa Kinyarwanda aliyezaliwa huku huku, Nyakisasa, mwenye ndizi nzuri kuliko wote na mdomo uliozidi hata ndizi zake.

"Tafadhali, mama," Jean Paul akaanza, kwa Kiswahili cha kitabuni, "naomba kufahamishwa bei ya mkungu huu."

"Elfu kumi na tano, mwalimu."

"Kanyange," Modestus akasema, "mkungu kama huo ulimuuzia Deodata elfu saba."

"Deodata ni Deodata."

"Na huyu ni mpangaji wangu."

"Eeh. Na wewe unamtoza ngapi, mzee wangu?" Kanyange akauliza, na wanawake wa pembeni wakainamia nyanya zao ili meno yasionekane. "Usinifanye niseme mbele za watu. Huyu baba anauliza bei kama mkaguzi. Hajaniuliza nimeamkaje, hajaniuliza mguu wangu umepona. Anataka kufahamishwa. Basi nimemfahamisha."

"Msemeshe kwa lugha yetu."

"Nimemsemesha tangu alipokuja. Ananijibu Kiswahili cha redio. Mtu akitaka kuwa mgeni, mimi nimkatalie?"

Modestus akamgeukia mwalimu. "Msalimie mama huyu kama ulivyofundishwa kwenu. Neno moja tu. Utaona."

Jean Paul alitoa elfu kumi na tano, akazihesabu, akalipa, akaita pikipiki.

Modestus alirudi nyumbani amevimba. Alikuwa amewajengea wabishi wengi maishani mwake, wengine walitaka dirisha mahali pa mlango, lakini mtu anayelipa ili aibiwe hakuwa amekutana naye. Deodata alimwambia aachane na mambo ya watu. Akasema ataachana nayo, na hakuachana nayo.

Jambo hilo lilifunguka asubuhi moja ya mvua. Gesi ilikuwa imekwisha kabla ya mshahara, kiberiti kimelowa, na Jean Paul amekwenda shule na njaa. Keza akatoka nje na kifuniko cha sufuria kikuukuu, akavuka uani, akasimama kwenye mlango wa jiko la Deodata. Akasema kwa sauti ndogo, kwa Kirundi:

"Nje kurahura."

Nimekuja kuchukua moto. Modestus alikuwa ameketi karibu na mafiga akikausha miguu. Neno hilo hakuwa amelisikia tangu mama yake alipokuwa hai. Vijana wa sasa ukiwaambia kurahura wanadhani unamwita mtu. Kila mmoja ana kiberiti chake cha gesi mfukoni, moto wake, ukuta wake, na akifa wanajua kwa harufu. Lakini huyu binti wa watu, mwenye kucha zilizopakwa rangi, alisimama pale na kifuniko, akalisema kama lilivyokuwa likisemwa.

"Karibu, mwanangu," Deodata akasema. "Kaa kwanza. Aliyekuja kurahura haondoki kabla ya kuulizwa habari za kwao."

Keza akakaa. Akaulizwa habari za kwao, akazieleza, uji ukaletwa, na baada ya uji akaeleza na lile ambalo hakuulizwa.

Wiki ya kwanza walipofika, alisema, Jean Paul alikuwa mbele ya duka akizungumza na mama yake kwa simu, kwa Kirundi, begi la madaftari begani. Mtu mmoja wa Murusagamba akasimamisha pikipiki. Akamtazama kuanzia viatu mpaka kichwa, kisha akamwuliza, "Wewe Mrundi, unatafuta kibarua? Nina mihogo ya kupalilia. Chakula juu yangu."

Deodata alijizuia asicheke, akashindwa, akageukia ukuta.

"Mimi pia nilicheka, mama," Keza akasema. "Yeye hakucheka. Alirudi akaniambia nje ya mlango wetu Kirundi kimekwisha. Alisema afadhali wamwibie kama mgeni kuliko wampe jembe."

"Huyo wa Murusagamba namjua," Modestus akasema. "Huyo hata askofu angempa jembe. Mumeo asimfanye yule kuwa nchi nzima." Akasimama, akajinyoosha. "Sikiliza, mwanangu. Hapa hakuna anayeshindwa kuishi. Wanaoshindwa ni wale wanaojifungia. Yeye mwache na Kiswahili chake. Wewe mdomo unao."

Siku hiyohiyo aliipunguza kodi, akamweleza Deodata kwamba ile ya karani ilikuwa na kosa la hesabu. Deodata akasema alikuwa anashangaa kosa hilo lingeonekana lini.

Kuanzia hapo Keza alikwenda sokoni yeye mwenyewe, amejifunga kitenge, na Deodata pembeni. Alimwuliza Kanyange habari za mguu. Kanyange alimweleza habari za mguu kuanzia mwanzo, na mkungu ukashuka mpaka elfu saba kabla mguu haujafika hospitali. Modestus alimkatia kishamba kidogo nyuma ya nyumba, naye Keza akapanda maharage. Na kwa kuwa alikuwa na kishamba, aliingia kwenye zamu ya wanawake wa pale: leo wanapalilia kwa huyu, kesho kwa yule, na hakuna anayelipwa. Aliporudi alikuwa na viazi kutoka kwa mmoja, mboga kutoka kwa mwingine, maziwa kutoka kwa mke wa Ansbert wa ng'ombe. Mwezi ukafika katikati, chai ikawa na maziwa, na mwalimu akakumbuka kwamba anayapenda. Hakuuliza sana yalikotoka. Alianza kuzungumzia mkataba mpya kama jambo lililokwisha kuamuliwa.

Modestus alitembea kama mtu aliyepewa cheo. Alimwambia kila aliyetaka kusikia, na wengi ambao hawakutaka, kwamba desturi haijafa, watu ndio wamelala.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo hakulipima. Zamani mwanamke akionekana na jembe katika shamba la jirani, aliyepita njiani alijua kwamba hapo pana ujirani. Siku hizi jembe limebaki na maana moja tu. Ukilishika katika shamba la mtu mwingine, wewe ni kibarua wake, na wenye magari hawasimami kuuliza ni zamu ya nani. Mzazi mmoja wa shule ile, akienda Nyakisasa na gari lake, alimwona mke wa mwalimu kutoka ng'ambo akiwa katika mstari wa wanawake kwenye maharage ya Modestus, miguu pekupeku, akiimba Kirundi. Hakushuka. Alipiga simu akiwa anaendesha.

Jioni moja ya Novemba Jean Paul alivuka uani bila kubisha hodi. Alisema yote kwa lugha ya mama yake, mara ya kwanza mbele ya Modestus, kwa sababu hasira haikumpa nafasi ya kutafsiri. Mkuu wa shule alikuwa amemwita. Wazazi wanalalamika. Wanasema wamelipishwa ada ya mwalimu wa kigeni, kumbe ni Mrundi wa vibarua kama wale wanaovuka kuja kulima. Mkataba mpya umewekwa pembeni kwanza.

"Kesho nakwenda mimi," Modestus akasema.

"Usiende, mzee. Nakuomba."

"Ukuta wa ofisi yake niliupiga pima mimi. Atanisikia."

Alikwenda. Mkuu wa shule, Juvenali, alikuwa kijana wa Biharamulo, mwenye tai na adabu. Alisimama, akampa kiti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kwa habari ya mwalimu wa Kifaransa. Mke wake si kibarua. Hajalipwa hata senti tano na mtu yeyote. Ile ni zamu. Leo wanalima kwangu, kesho kwake."

"Naelewa, mzee."

"Huelewi. Wewe umesoma, haya hayakuandikwa huko. Yule mama alikuja kwangu kuomba moto, kama watu. Wale ni watu wetu. Lugha yao ndiyo lugha yetu, wanachokula ndicho tunachokula. Ukimsimamisha Jean Paul na mwanangu Elick, huyo mwalimu ndiye Mhangaza. Hana tofauti hata kidogo na sisi."

Juvenali aliweka kalamu mezani taratibu. "Mzee wangu," akasema, "hilo ndilo wazazi wanalolisema."

Modestus akamtazama.

"Wanalipa ada ya mwalimu wa ng'ambo. Mimi nilikuwa nawabishia. Nilikuwa nawaambia huyu ni mgeni, ana mkataba wa mgeni, mambo ya shambani ni uzushi. Sasa mwenye nyumba wake, mtu anayeheshimika kama wewe, amekuja mwenyewe kuniambia ni wa hapahapa." Hakusema kwa kejeli, ingekuwa rahisi zaidi kama angesema kwa kejeli. "Mshahara wa ng'ambo nitauelezaje kwenye bodi?"

Modestus aliutazama ukuta wa ofisi. Ulikuwa umenyooka vizuri sana. Haukumsaidia.

Desemba mkataba ulitolewa, ila kwa mshahara wa walimu wengine, na vibali vikatwe kama kawaida. Kilichobaki kisingewalisha watu wawili na mama mmoja Gitega, hata kwa ndizi za elfu saba. Jean Paul hakutia sahihi. Aliandika barua kadhaa, akapata shule nyingine Biharamulo, mbali na mpaka, ambayo nayo ilikuwa inatafuta mwalimu kutoka ng'ambo.

Siku ya kuhama Modestus aliwasaidia kufunga godoro. Alikuwa hajazungumza sana tangu siku ile ya ofisini, na kwa mtu kama yeye huo ulikuwa ugonjwa.

"Nimekuharibia, mwalimu," akasema mwishoni.

Jean Paul alikaza kamba. Hasira ilikuwa imemwisha. "Hapana, mzee. Umetulisha. Ila mimi nami niko sokoni. Ukiniteremshia bei ya ndizi, unateremsha na yangu. Hivyo ndivyo dunia yenu ilivyo sasa, na yetu pia."

"Haikuwa hivyo."

"Najua. Keza ananisimulia mnayomwambia. Anapenda sana kukaa kwenye lile jiko." Akapanda gari, kisha akashusha kioo. "Huko tunakokwenda nimemwomba asifanye hivyo."

Keza alikumbatiana na Deodata kwa muda mrefu mpaka dereva akapiga honi. Maharage ya kishamba yalikuwa bado hayajakauka. Deodata aliyavuna baadaye, akayaweka kwenye mfuko wa peke yake, na kila aliposikia gari linakwenda Biharamulo alisema atayapeleka, mpaka yakaanza kutobolewa na wadudu.

Mwaka uliofuata, mvua za masika zilipokwisha, Modestus alikwenda Biharamulo kumwona binti yake Suzan, aliyeolewa huko na aliyekuwa amejifungua. Asubuhi alitumwa sokoni kununua chumvi. Ndipo alipowaona, mbele ya meza ya nyanya. Jean Paul alikuwa amevaa shati jeupe na viatu vya kung'aa, mkononi ana mtoto mchanga aliyezaliwa baada ya wao kuhama. Keza alikuwa na gauni la dukani na viatu vya kisigino, akitembea kwa uangalifu juu ya tope. Wanafunzi wawili wenye sare walipita wakasema, "Bonjour, monsieur," na watu wa pale wakamtazama mwalimu na mkewe kwa heshima.

"Nyanya hizi bei gani?" Keza akauliza. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka.

"Elfu tatu fungu, mama mwalimu."

Lilikuwa fungu la elfu moja. Hata mwenye nyanya mwenyewe alitazama pembeni alipoitaja bei. Keza akafungua mkoba. Alipoinua macho akamwona Modestus, na mkono wake ukabaki ndani ya mkoba.

Salamu ilikuwa mdomoni mwa mzee tayari, ile ya asubuhi, ya kule na huku: mwaramutse. Ingetosha. Wauza nyanya wote wangegeuka, wale wanafunzi wangegeuka, na mwenye fungu angeanza kumtazama mama mwalimu upya. Modestus aliimeza. Ilikuwa salamu nzima, na alijua thamani yake, na aliimeza bila kusitasita.

"Habari za kazi, mwalimu," akasema kwa Kiswahili, kama mzee yeyote anayepita.

"Nzuri. Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Poleni na kazi."

"Asante, mzee."

Mtoto alikuwa na paji la uso la Keza. Jirani angeuliza jina lake na angempokea amshike. Modestus hakuuliza. Alisogea pembeni kuwapisha, na Keza akalipa zile elfu tatu, akapokea nyanya, akasema polepole akiwa bado ameinama juu ya kikapu, "Mama hajambo?"

"Hajambo."

Wakaondoka. Modestus alisimama pale na chumvi yake mpaka walipopinda kwenye duka la mbolea, mwalimu na mtoto mbele, Keza nyuma akiwa na kikapu, akichagua mahali pa kukanyaga.